Usawa wa kuingia chuoni: Tunahesabu kaunti, tunasahau watu

Matokeo ya KCSE yakitoka, wewe na mimi tunajua kinachofuata. Simu hazilali. Magrupu ya WhatsApp yanajaa picha za skrini, shangazi anapiga kuuliza umepata ngapi, na baada ya wiki chache kila mtu anaongea lugha moja: klasta, kozi, KUCCPS. Ukiwa na C+ kwenda juu, uko ndani ya mchezo wa digrii. Ukiwa chini ya hapo, unaelekezwa kwa diploma au vyuo vya kiufundi, na maisha yanaendelea.

Katika KCSE ya 2024, watahiniwa 246,391 walipata C+ au zaidi, kati ya 962,512 waliofanya mtihani. Ni kama mmoja kati ya wanne. Waziri akisoma matokeo hutuambia wavulana ni wangapi, wasichana ni wangapi, na waliopata A ni wangapi. Lakini kuna swali ambalo halina mstari wake kwenye hiyo taarifa. Kati ya hao 246,391, Waogiek ni wangapi? Wasengwer je? Waelmolo wa Loiyangalani? Waaweer wa msitu wa Boni kule Lamu? Wayaaku wa Mukogodo, Laikipia?

Kama unaona hilo ni swali la ukabila, ngoja kidogo. Anayeuliza si mimi. Ni Katiba.

Katiba iliahidi nini?

Kifungu cha 56 cha Katiba ya 2010 kinaiagiza serikali iweke mipango maalumu ya kusawazisha nafasi kwa jamii za walio wachache na makundi yaliyotengwa. Kifungu hicho kinataja wazi "nafasi maalumu" katika elimu na uchumi, kisha katika ajira. Kifungu cha 27(6) nacho kinataka hatua zichukuliwe kuondoa hasara waliyopata watu kwa kubaguliwa zamani.

Je, jamii iliyotengwa ni ipi? Kifungu cha 260 kinaeleza. Kuna jamii ndogo kwa idadi ambayo imeshindwa kushiriki kikamilifu katika maisha ya taifa. Kuna iliyojiweka kando ili kulinda utamaduni wake. Kuna jamii asilia ambayo imeendelea kuishi kwa uwindaji au ukusanyaji wa matunda na asali. Na kuna wafugaji, wawe wa kuhamahama au wenye makao. Ona jambo moja hapo: Katiba inazungumza kuhusu jamii, yaani watu. Haisemi kaunti.

Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, ile iliyounda KUCCPS, inafuata njia hiyo hiyo. Inaitaka bodi ya kuteua wanafunzi iweke vigezo vya kuwasaidia waliotengwa, walio wachache na watu wenye ulemavu. Kwa hivyo ahadi ipo, na imeandikwa mara mbili. Mtoto aliyezaliwa siku Katiba ilipozinduliwa, Agosti 27, 2010, sasa amefika umri wa sekondari. Si vibaya akiuliza ahadi hiyo imemfikia vipi.

Ramani ilivyochukua nafasi ya watu

Tatizo linaanza tunapoitafsiri sheria kuwa vitendo. Ukisikia "waliotengwa" kwenye taarifa za serikali, mara nyingi kinachotajwa ni maeneo. Na sisi Wakenya tumezoea kuyawaza maeneo hayo kwa orodha moja. Tume ya Ugavi wa Mapato (CRA), ilipoandaa sera ya kwanza ya Hazina ya Usawazishaji, ilitaja kaunti 14: Turkana, Mandera, Wajir, Marsabit, Samburu, Pokot Magharibi, Tana River, Narok, Kwale, Garissa, Kilifi, Taita Taveta, Isiolo na Lamu.

Sina ugomvi na orodha hiyo. Kaunti hizo ziliachwa nyuma tangu enzi za mkoloni, na hakuna aliyefika Mandera anayeweza kubisha. Pia orodha ilikuwa ya maji, barabara, hospitali na umeme. Haikutengenezwa kwa ajili ya vyuo vikuu. Lakini ndiyo iliyotujengea mazoea: ukitoka Turkana umetengwa, ukitoka Nakuru uko sawa.

Sasa weka ramani mezani. Waogiek wengi wa Mau wanaishi Nakuru na Narok. Wengine wako Chepkitale, Mlima Elgon, ndani ya Bungoma. Wasengwer wako Embobut, Elgeyo Marakwet. Waendorois ni wa Ziwa Bogoria, Baringo. Wayaaku wako Laikipia. Nakuru, Bungoma, Elgeyo Marakwet, Baringo, Laikipia: hakuna hata moja kati ya hizo tano iliyokuwa kwenye zile 14.

Hebu fikiria waombaji wawili. Wa kwanza ni kijana ambaye kitambulisho chake kinasema Garissa. Babake ana biashara Eastleigh, na yeye amesomea shule ya kibinafsi ya Nairobi yenye maabara, maktaba na basi la rangi ya njano. Wa pili ni msichana wa Mariashoni, ukingoni mwa Msitu wa Mau. Amesomea shule ya kutwa ya kijijini, na siku za mvua njia ya kwenda shuleni inageuka tope tupu. Ukitumia kaunti kama kipimo, wa kwanza anapata msukumo. Wa pili anaandikwa "Nakuru" na kuwekwa foleni moja na watoto wa Milimani na Section 58.

Hata ndani ya kaunti zilizo kwenye orodha, walio wachache kabisa humezwa. Sensa ya 2019 iliwahesabu Waelmolo 1,104 nchi nzima. Wako Marsabit, kaunti yenye Waborana, Wagabra na Warendille, ambao nao wana haki ya kulalamika. Nafasi ikitengwa kwa jina la Marsabit, unadhani ni nani atakayeisikia kwanza, na ni nani atakayekuwa na mtu wa kumjulisha?

Waogiek katika sensa hiyo walikuwa 52,596. Mara nyingi huwekwa chini ya mwavuli wa Wakalenjin, ambao ni zaidi ya milioni 6. Ukichanganya kijiko cha asali kwenye pipa la maji, asali haijatoweka, lakini jaribu kuionja.

Kwa bahati nzuri, CRA yenyewe iliona kasoro hii. Sera yake ya pili iliacha kuhesabu kaunti nzima nzima ikashuka hadi maeneo madogo, na ikapata maeneo yaliyotengwa zaidi ya 1,400 katika kaunti 34. Yaani ilikubali kwamba umaskini una mifuko yake hata ndani ya kaunti zinazong'aa. Kama hesabu ya mabomba ya maji imeweza kushuka hadi kijijini, hesabu ya nafasi za chuo inashindwaje?

Kabla ya kufika langoni

Kuna watu watasema shida si nafasi, shida ni alama. C+ ni C+. Ni kweli, na hapo ndipo hadithi inapokuwa nzito.

Kusoma kunahitaji makao. Oktoba 2009, Shirika la Huduma za Misitu liliwapa Waogiek na wakazi wengine wa Mau ilani ya siku 30 waondoke. Kesi ikafika hadi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, kule Arusha. Mei 26, 2017, mahakama hiyo iliamua kwamba Kenya ilikuwa imekiuka haki za Waogiek, ikiwatambua kuwa jamii asilia ya Mau. Juni 23, 2022, ikaamuru serikali iwalipe fidia ya Sh157.85 milioni, na pia iwape hatimiliki ya ardhi yao kwa pamoja.

Novemba 2023, nyumba za Waogiek zilibomolewa tena, safari hii Sasimwani, kaunti ya Narok. Jiulize, Novemba ni mwezi wa nini? Ndio mwezi wa KCSE. Wewe ukiwa unatafuta kalamu ya pili na saa ya mkononi kwa ajili ya karatasi ya Hisabati, kuna mwenzako ambaye familia yake ilikuwa inatafuta pa kulala. Halafu karatasi zinasahihishwa kwa mwongozo mmoja, na Januari tunaambiwa kila mtu amevuna alichopanda.

Kejeli kubwa ni kwamba umbali wa kilomita si kitu. Makao makuu ya Chuo Kikuu cha Egerton yako Njoro. Nessuit, mojawapo ya makazi makubwa ya Waogiek, iko katika eneo hilo hilo. Unaweza kutoka Nessuit kwa bodaboda asubuhi na ukafika langoni jua halijawa kali. Umbali wenyewe uko katika shule ya msingi isiyo na walimu wa kutosha, katika karo ya sekondari, na katika kuhamahama kusikoisha.

Ukishaingia, ndio kwanza unaanza

Tuseme yule msichana wa Mariashoni amejikaza, amepata B- na barua ya chuo. Kuna sherehe, kuna harambee, kuna maombi ya wazee. Halafu mambo ya pesa yanaanza.

Tangu 2023 serikali imekuwa ikitumia mfumo mpya wa ufadhili. Mwanafunzi hupimwa uwezo wa familia yake, na baadaye wanafunzi wakapangwa katika makundi matano. Kundi la kwanza hupata ufadhili wa asilimia 70 ya ada na mkopo wa asilimia 25, familia ikibaki na asilimia 5. Kundi la tano familia hulipa asilimia 40. Kutoka kwenye jamii au eneo lililotengwa ni kati ya mambo yanayopaswa kuzingatiwa. Desemba 2024, Mahakama Kuu iliamua kwamba mfumo huo ulikiuka Katiba. Serikali ikakata rufaa.

Tuweke mahakama kando, tuangalie fomu. Fomu inauliza wazazi wanafanya kazi gani, wanapata kiasi gani kwa mwezi, ulisomea shule gani na ya karo ngapi. Baba anayefuga nyuki kwenye mizinga ya msituni ataandika nini? Mwezi mmoja kuna asali, miezi mitatu hakuna kitu, na risiti hajawahi kuiona. Akikadiria vibaya, au anayemjazia fomu pale saiba akiandika tu chochote ili foleni isonge, binti anatupwa kundi ambalo si lake. Ada iliyopaswa kuwa elfu chache inageuka mzigo wa kuuza kila kitu. Nafasi ya kukata rufaa ipo, lakini inataka intaneti, hati, na mtu wa kukwambia kwamba ipo.

Kisha kuna maisha yenyewe ya kampasi. Fresha yeyote huchanganyikiwa, hiyo tunajua. Lakini wewe ukifika chuoni unapata chama cha wanafunzi wa kaunti yenu, watu wa lugha yenu, labda hata lekcha anayetoka kwenu anayekuita "kijana wangu". Mwogiek anakuta nini? Akitaja jamii yake anaulizwa, "Hao ni Wakalenjin gani?" Wengine bado hutumia lile neno "Dorobo", lililotokana na jina walilopewa na Wamaasai, lenye maana ya maskini wasio na ng'ombe. Watu hulisema wakicheka, na hawajui wanatukana.

Mbele ya darasa pia hali si tofauti. Mwaka wa 2012, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa (NCIC) ilikagua wafanyakazi wa vyuo vikuu vya umma ikakuta kazi nyingi zimeshikwa na makabila machache makubwa. Hii ni licha ya sheria ya 2008 kukataza taasisi ya umma kuajiri zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi wake kutoka jamii moja. Mwanafunzi anaweza kumaliza miaka minne bila kufundishwa na hata mtu mmoja anayejua kijiji chake kiko wapi. Akikwama, aende kwa nani?

Wanaopinga wana hoja tatu

Ya kwanza: "Hiyo ni kuwanyima waliofanya bidii." Nakuelewa kama ulikosa Udaktari kwa pointi kidogo. Lakini alama ya chini ya kuingia digrii ni C+ kwa kila mtu, na hakuna anayeomba iondolewe. Kusawazisha nafasi hufanya kazi pale kozi inapogombaniwa na watu ambao wote wamefuzu. Tumewahi kufanya hivyo kwa wasichana: miaka ya JAB, walikubaliwa kwa alama za chini kidogo kuliko wavulana. Vyuo havikuanguka. Tulipata madaktari na mawakili wanawake zaidi, basi.

Ya pili: "Ukitaja jamii badala ya kaunti, unachochea ukabila." Hofu hii ina msingi katika nchi yetu. Lakini ukabila tunaoujua ni wa wakubwa kujigawia. Kuwahesabu watu 1,104 ili wasipotee hakumpi mtu yeyote urais.

Ya tatu ndiyo ngumu: "Watu watadanganya." Kesho kila mtu atakuwa na nyanya Mwogiek. Ni kweli, Wakenya tunajijua. Ndiyo maana inafaa tuangalie waliopita njia hii kabla yetu.

Brazil ilipitisha sheria yake, nambari 12.711, Agosti 2012. Nusu ya nafasi katika vyuo vikuu vya serikali kuu zilitengewa waliosoma sekondari za umma. Hicho ndicho kichujio cha kwanza, na kinamwondoa mtoto wa tajiri aliyesomea shule ya kibinafsi. Ndani ya nusu hiyo, watu weusi, machotara na jamii asilia hupata sehemu inayolingana na idadi yao katika jimbo husika kulingana na sensa. Udanganyifu ulitokea, tena sana, na vyuo vikaunda kamati za kuhakiki. Kwa jamii asilia, vyuo vingi hutaka barua iliyotiwa saini na viongozi wa jamii yenyewe. Novemba 2023 sheria ikafanyiwa marekebisho, na moja ya masharti ni kwamba mpango utathminiwe kila baada ya miaka 10.

Brazil si mbinguni, na hatuhitaji kunakili kila kitu. Lakini ona tofauti. Kule mwanafunzi anajua sehemu yake ni ngapi, anaweza kuidai, na nchi inaweza kupima kama imefanikiwa. Kwetu, ahadi imebaki kuwa neno "kuzingatia". Tunazingatia. Nani alizingatiwa, wangapi, na walimaliza chuo? Huwezi kumshtaki mtu kwa kutozingatia.

Kifanyike nini sasa?

Kwanza, KUCCPS ihesabu jamii na ichapishe hesabu hiyo kila mwaka, kama inavyofanya kwa jinsia. Wameomba wangapi, wameteuliwa wangapi, kozi zipi. Vyuo viongeze takwimu ya waliohitimu, maana kuingia bila kumaliza ni deni la HELB tu.

Pili, kipimo kiwe na vitu viwili kwa pamoja: jamii inayotambulika chini ya Kifungu cha 260, na shule ya umma aliyosomea mwombaji. Hapo yule wa Garissa aliyesomea shule ya kifahari atasimama foleni ya kawaida, na yule mwenzake aliyesomea Ijara atapata haki yake pamoja na msichana wa Mariashoni. Uthibitisho utoke kwa mabaraza ya wazee na chifu, kwa wazi, majina yakibandikwa ukutani ambapo kijiji kizima kitayaona. Kijiji kinawajua watoto wake.

Tatu, kila chuo kiwe na mtu mmoja, mwenye ofisi na simu, ambaye kazi yake ni kuwafuata wanafunzi hawa tangu wiki ya usajili: fomu za ufadhili, rufaa, hosteli, ushauri. Hilo halihitaji bilioni.

Nne, na hapa ndipo mzizi ulipo, serikali itekeleze hukumu za Arusha. Huwezi kubomoa nyumba Novemba halafu utoe nafasi ya upendeleo Mei.

Na wewe? Usiniambie wewe ni mwanafunzi tu. Kama uko kwenye chama cha wanafunzi, uliza uongozi wa chuo hizo takwimu, kwa barua, mkitumia haki ya kupata habari iliyo kwenye Kifungu cha 35. Kama umeshazijua zile fomu za ufadhili, nusu saa ya simu yako na bando lako inaweza kumwokoa mtu wa mwaka wa kwanza asiwekwe kundi lisilo lake. Na mtu akikwambia yeye ni Mwogiek au Msengwer, usimpangie kabila. Muulize kwao ni wapi, halafu sikiliza.

Kifungu cha 56 hakikuandikwa kwa wino wa huruma. Waogiek hawaombi waonewe imani. Wanauliza swali ambalo hata wewe ungeuliza kama ungekuwa mmoja kati ya watu 52,596 ndani ya nchi ya milioni 47: kwenye hiyo hesabu yenu, mimi niko mstari gani?